Mke wa Labda

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili si langu. Mume wangu alipewa na mshauri wa saikolojia pale kliniki, aandike kila wazo linalomsumbua na jinsi lilivyomjia. Amelizunguka siku nzima bila kuligusa, kisha akaja kulitua mezani kwangu, juu ya kitambaa cha watu. "Nikiliandika neno lenyewe," akasema, "halafu kuandika nako kukahesabika?"

Nikalifungua. Karatasi ni nene, jalada ni gumu, nami nashona mapazia kwa riziki yangu. Siwezi kuona kitu kizuri kinatupwa. Kwa hiyo nitaandika mimi. Mgonjwa ni yeye, lakini anayekaribia kupasuka ni mimi.

Tatizo lenyewe nilitaje mara moja nilimalize. Mume wangu ni mwalimu wa udereva, mtu mzima, akili zake timamu, hajawahi kunikosea heshima. Tangu mwaka jana anaogopa kwamba ameniacha bila kujua. Yaani talaka imemponyoka. Akiniambia "nenda kalale", anabaki amesimama katikati ya sebule anajiuliza kama ile nenda ilikuwa ya usiku mwema au ya kwenu moja kwa moja. Halafu ananiuliza mimi. Nilisemaje? Kwa sauti gani? Wewe ulielewaje? Namjibu. Ananishukuru, anapumua. Sijamaliza pindo la pazia, amerudi: "Lakini una hakika?"

Mvua za masika zimeanza leo. Paa la jikoni limeshaanza kuvuja palepale pa mwaka jana.

Jumatano, 6 Machi

Ameuliza nikiwa natunga uzi kwenye sindano. Ameuliza nikiwa bafuni, kupitia mlango. Ameuliza nikiwa kwenye swala, akasubiri pembeni mpaka nikatoa salamu. Nimejibu yote.

Ijumaa, 8 Machi

Leo baada ya swala ya Ijumaa amemkamata shehe wetu kwenye ngazi za msikiti. Nilikuwa nje na mwavuli nikimsubiri, nikasikia kila kitu, maana shehe huyu ni mfupi wa kimo na wa subira, ila sauti hakunyimwa.

"Talaka haimtoki mtu kama chafya," akamwambia. "Ulioa kwa yakini. Yakini haiondolewi na shaka. Huo ni wasiwasi, na wasiwasi haujibiwi. Haya, mkeo anakungoja."

Njia nzima mume wangu alikuwa mwepesi kama kijana. Akaninunulia mkate wa moto. Akanisimulia habari za mwanafunzi wake, muuguzi mmoja anayefumba macho kila anapobadilisha gia. Tukacheka. Kufika alasiri namwona anaitafuta simu. "Sikumweleza vizuri shehe," anasema. "Sikumwambia kwamba siku ile ya 'nenda kalale' nilikuwa nimekasirika kidogo."

Amempigia. Shehe amejibu. Amempigia tena. Shehe hakupokea, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa jibu bora.

Jumanne, 12 Machi

Kliniki. Mshauri ni binti mdogo, anavaa miwani yenye kamba shingoni, ana feni inayolia kila inapogeuka upande wa mgonjwa. Amesoma nje na vyeti vyake viko ukutani. Leo alitaka tuingie wote wawili.

Akaeleza kwamba ubongo wa mume wangu una king'ora kinacholia bila mwizi. Kila kinapolia, yeye anakimbia kukagua milango, na kila anapokagua, king'ora kinajifunza kwamba kilikuwa na haki ya kulia. Hapo nilielewa, hata nikampenda. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mama, kila unapomjibu unaulisha ugonjwa."

Nimemlisha mtu huyu tangu tulipooana na hakuna aliyelalamika! Nikamuuliza nifanye nini basi, nizibe masikio? Akasema kwa upole, upole ule wa watu wasioishi na mgonjwa: "Akikuuliza kama bado ni mke wake, mjibu 'labda'. Uiache shaka ikae. Shaka ikikaa bila kukimbiwa, inachoka yenyewe."

Labda! Mke gani anamwambia mumewe labda? Nimetoka pale nimevimba. Nimezaa na mtu huyu, nimemuuguza homa, nimekula njaa yake, leo nimwambie labda? Sitasema.

Jumatano, 13 Machi

Binti yetu, wa miaka kumi na miwili, mezani: "Baba, jana ulimwambia paka toka. Paka naye ameachwa?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Baba mtu hakucheka. Baadaye akaniuliza kama alipomwambia paka toka nami nilikuwa chumbani.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi amekuja. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo humkagua kama mtoto anayekwenda shule: amekonda, shati halijanyooshwa, mbona macho mekundu. Macho hayo mekundu huyatazama, kisha hunitazama mimi.

Aliposikia habari za kliniki alishika kifua. "Mnampeleka mdogo wangu kwa watu wa kuuliza mtu alinyonya mpaka lini? Hii ni kazi ya shetani, wifi. Shetani hatibiwi kwa maongezi."

"Shehe naye amesema asijibiwe," nikamwambia.

"Shehe wenu mvivu." Akavuta kiti, akakaa kama hakimu. "Hapa dawa ni moja. Kama kuna shaka, iondolewe. Fungeni ndoa upya. Muda wa kunywa kikombe cha chai, mambo yamekwisha. Nani ataumia?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie nani ataumia. Lakini mume wangu akainua uso, na uso ule sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa atatolewa gerezani. Nikaufunga mdomo.

Jumanne, 19 Machi

Shehe amekataa katakata. "Ndoa ipo. Mnataka nimwozeshe mtu mke wake?" Wifi hakukata tamaa, amempata ustadhi mwingine ng'ambo ya mji ambaye hana maswali mengi.

Ilibidi nimpigie kaka yangu, kwa kuwa ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Akaniomba nirudie nilichosema.

"Nikuozeshe tena?"

"Ndiyo, kaka."

"Kwa nani?"

"Kwa yuleyule."

"Kama unaoa... yaani kama unaolewa upya, si ungechagua mwingine?" Kisha akasema atakuja, ila nisimwambie mke wake.

Jumapili, 24 Machi

Nimeolewa. Mvua ilikuwa kubwa, beseni la jikoni likipiga ngoma yake. Mashahidi walikuwa jirani wa mlango wa pili na mwalimu mwenzake wa udereva, aliyekuja na sare ya kazi. Kaka yangu alinuna tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi arusi nilikuwa na pini za kushonea kwenye kola kwa sababu pazia la watu lilitakiwa jioni. Mahari nimechagua mkasi mpya, mzito, wa chuma cha kweli. Ustadhi alisoma, mume wangu akakubali kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, wifi akapiga vigelegele peke yake.

Baada ya hapo mume wangu alilala mchana kutwa, usingizi wa mtoto. Alipoamka akaniita "bi arusi". Nimeona haya, na umri huu wangu. Labda wifi ana akili kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 25 Machi

Hakuna swali hata moja.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna. Ametengeneza paa la jikoni, akiimba. Linavuja mahali pengine sasa.

Jumatano, 27 Machi

Nilijua. Moyoni nilijua, nikajifanya sijui.

Asubuhi alikuja chumba cha kushonea, akakaa kwenye marobota ya vitambaa, akanitazama nikikata. "Nimefikiri," akasema. Siku hizi mtu huyu akisema amefikiri, mimi natafuta pa kushika. "Tulipokubali kufunga ndoa upya, si tulikubali kwamba ile ya mwanzo ilikuwa imevunjika?"

"Hatukukubali chochote. Tulifanya ili upate usingizi."

"Lakini mtu hafungi ndoa upya bila sababu. Kwa hiyo nilikuacha kweli. Moja imekwenda." Akainua vidole. "Zimebaki mbili."

Nimekata pazia la ofisi ya daktari wa meno likawa fupi shibiri nzima. Kitambaa chenyewe kimeisha dukani. Ona tulikofika! Zamani alikuwa na shaka tu. Sasa, kwa wema wa wifi na kwa ukimya wangu mimi, ana hesabu. Mwanamume anazo talaka tatu, na ya tatu haina kurudi. Tulitaka kumtoa kwenye shimo, tukampa jembe.

Nimempigia wifi nikamwambia dawa yake imefanya kazi. Hakuelewa kejeli. Akasema alhamdulillahi.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Maswali. Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Gari la shule ya udereva limeingia mtaroni.

Imekuwaje? Mwalimu wa udereva kazi yake ni kusema nenda, toka, acha, ondoka, geuka. Siku hizi akiyasema anaogopa yasije yakamtoka huku akinifikiria mimi. Kwa hiyo aliacha kuyasema. Amekuwa akifundisha kwa kidole. Leo yule muuguzi wa kufumba macho alikuwa kwenye usukani, wamefika kwenye mzunguko, mwalimu akanyoosha kidole kushoto. Muuguzi akakitazama kidole, hakuitazama barabara. Mtaro ulikuwa umejaa maji ya mvua. Wametoka wazima, wameloa mpaka kifuani.

Mwenye shule ni mtu mwema. Amemwambia apumzike mpaka apone. "Ukirudi, Mwalimu, urudi na mdomo."

Alhamisi, 4 Aprili

Ameondoka.

Niandike ilivyokuwa, maana nikiinyamazia nitalia tena na kitambaa hiki ni cheupe.

Asubuhi nzima aliuliza. Nilijibu, nikajibu, mpaka maneno yakawa hayana ladha mdomoni. Adhuhuri akaniuliza kama nina hakika kwamba nina hakika. Nikasimama. Nikautupa mkasi wa mahari sakafuni, nikapiga kelele, binti yetu akatoka mbio chumbani: "Basi niache kweli! Niache, tujue moja!"

Akawa wa rangi ya majivu. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa, naapa, nilikuwa namtazama. Akaenda chumbani, akatoka na mfuko wa nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada. Siwezi kukaa na wewe mpaka nijue." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Uliposema niache, moyoni nilisema haya. Nadhani nilisema haya. Kama nilisema, imebaki moja tu, na nikibaki hapa nitaimaliza nayo. Sitaki kuimaliza."

Akaenda kwenye mvua bila mwavuli.

Hasira yangu yote ilikwenda naye, nikabaki na kitu kibaya zaidi. Mtu huyu ananikimbia ili asinipoteze. Nimekaa na wazo hilo kutwa na bado sijui nicheke au nivunje kitu. Na kuna jambo jingine, hili linaniuma kuliko yote. Ameniuliza kuhusu sauti, kuhusu nia, kuhusu neno, kuhusu siku na saa. Amewauliza mashehe, amemuuliza mshauri, amemuuliza dada yake. Hajaniuliza hata siku moja kama mimi namtaka. Ndoa hii ameigeuza kesi ambayo mimi ni shahidi tu. Nimechoka kuwa shahidi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyumba kimya. Nimeshona sana. Mara mbili nimegeuka nikidhani nimeulizwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Mteja ameniuliza, "Una hakika rangi hii haichuji?" Nikamjibu kwa ukali usiomstahili. Nimempunguzia bei.

Jumanne, 9 Aprili

Nimechoka kuwa tarishi kati ya shehe na kliniki. Leo nimewaweka chumba kimoja. Nilimwendea shehe, nikamwambia nakuja na mshauri, na sikumwachia nafasi ya kusema hapana. Mshauri si Mwislamu. Alikuja amejifunga mtandio uliokuwa ukimteleza kila anapoandika. Wifi alimleta mume wangu, amemshika mkono kama ushahidi. Tukakaa ofisini mwa msikiti, katikati ya majamvi yaliyoanikwa na harufu ya unyevu.

Shehe alianza na lile la moyoni. "Aliyosema mtu moyoni ni ya moyoni. Mola wetu amesamehe yanayopita nafsini mpaka mtu atamke au atende. Hukutamka. Kwa hiyo hukuacha."

"Kama ulimi ulitikisika?"

"Swali hilo nililijibu jana, na juzi. Sikiliza fatwa yangu, na hii ndiyo ya mwisho: ni haramu kwako kuniuliza tena."

Mshauri alinyanyua kichwa. "Ndicho nilichomwambia mama. Asijibiwe."

"Nilisema mwezi wa tatu," akasema shehe. "Kwenye ngazi."

"Nami nilisema mwezi wa tatu."

Wanazuoni hao! Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Muda wote huo walikuwa wanasema jambo moja, ila kila mmoja anataka liwe la kwao.

Wifi akaingilia. "Lakini ni nani anayemsumbua? Ni ubongo au ni shetani? Tujue tunapigana na nani."

Shehe akamwambia, "Anayebisha hodi awe mmoja au mwingine, wewe usifungue." Mshauri akaandika.

Halafu wakagongana kweli. Mume wangu akaeleza kwamba kila wazo likija husoma audhubillahi, ile dua ya kujikinga na shetani, huirudia na kuirudia mpaka amekosa swala ya jamaa ya alfajiri. Mshauri akasema hata dua inaweza kugeuka kuwa sehemu ya ugonjwa. Shehe akapandisha sauti. "Binti, unamkataza mtu kumtaja Mungu?"

"Sikatazi, shehe. Nauliza tu. Hapo anamtaja Mungu, au anaikimbia hofu?"

Nilidhani tutafukuzwa. Shehe akashika ndevu, akatazama dirishani ambako maji yalikuwa yanateremka. "Aseme mara moja," hatimaye akasema. "Mara moja, kisha aendelee na alichokuwa anafanya. Akirudia anampa shetani cheo."

Mshauri naye yakamfika. Alitaka mume wangu afanye zoezi: anitazame usoni, alitamke neno lenyewe analoliogopa, halafu akae na hofu mpaka ipoe. Shehe alisimama wima. "Hapana! Hilo halina zoezi. Kwetu neno hilo hata kwa mzaha linahesabika. Unataka kumponya kwa kumvunjia nyumba?"

Mshauri akatua kalamu. "Sikulijua hilo," akasema. "Waliotufundisha hawakutuambia." Hapo nikampenda tena, maana ni wachache wenye vyeti ukutani wanaosema hawakujua.

Ndipo shehe akakaa, akafikiri, akasema kwamba kila Alhamisi baada ya alasiri ana darasa la fikihi, yaani sheria za dini, ambamo mwanafunzi mmoja husoma kitabu kwa sauti naye hufafanua. "Kitabuni tunakaribia mlango wa talaka. Nimeufundisha kila mwaka, nimelitamka neno hilo mpaka koo likakauka, na mke wangu bado ananipikia. Kusoma hukumu si kuacha. Asome yeye. Mlango mzima. Na akimaliza asimuulize mtu."

Mshauri alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Nisingeweza kubuni zoezi bora."

Hakuna aliyemuuliza mume wangu anaonaje.

Jumamosi, 13 Aprili

Wifi amenipigia simu asubuhi na mapema. Sauti imemkauka.

"Wifi."

"Abee."

"Huyu mtu ulikuwa unaishi naye vipi?" Akashusha pumzi. "Ananiuliza nikipika, ananiuliza nikisuka nywele. Jana nimejifungia chooni nipate kutulia. Nimemjibu mpaka nimeishiwa. Kumbe ukimjibu ndiyo unamwongezea."

Nikamwambia ndiyo.

"Na mimi ndiye niliyeleta ustadhi." Nikamsikia anavuta kiti. "Nisamehe, mke wa ndugu yangu."

Miaka yote niliyomjua hajawahi kuniomba hata chumvi. Nikamwambia hata mimi ninayo ya kwangu, nilinyamaza nilipotakiwa kusema. Tumekubaliana: kuanzia leo, kwake na kwangu, jibu ni moja. Labda.

Alhamisi, 18 Aprili

Darasa. Nilikaa upande wa wanawake nyuma ya pazia, pazia baya, pindo limepinda. Sijui nani aliwashonea. Wifi alikuwa kando yangu ameshika goti langu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Alianza kusoma. Sauti ilikuwa ndogo, shehe akamwambia apaze. Akasoma masharti, akasoma nani talaka yake haisihi, yaani haihesabiki: aliyelala, mtoto, mwenye kichaa, aliyelazimishwa. Kisha akafika kwenye mifano. "Mtu akimwambia mkewe..." Akasimama.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Wanafunzi wakageuka kumtazama. Nilijua anachokifikiria: kwamba mimi nipo nyuma ya pazia, kwamba nasikia, kwamba sentensi haijui nani ni mke wa nani. Nilitaka kupiga kelele kwamba inatosha, mwacheni. Wifi akalibana goti langu.

"Soma," akasema shehe. Si kwa ukali.

Hakusoma.

"Soma, Mwalimu. Hofu yako ibaki nayo, sikwambii uiache. Soma nayo."

Akasoma. Alilisoma neno lenyewe, akalisoma tena kwenye mfano uliofuata, na mwingine, sauti ikimkatika na kurudi, mpaka akaumaliza mlango mzima. Shati lake, nililiona alipotoka, lilikuwa limeloa mgongoni, na ndani ya msikiti hakunyeshi.

Nje akanitazama. Mdomo ukafunguka. Wifi na mimi tukasema pamoja, kabla hajatoa hata herufi: "Labda."

Akaufunga. Wakaenda zao yeye na dada yake. Mimi nimerudi hapa, nimelia, nimeshona.

Jumapili, 21 Aprili

Amempigia shehe mara moja. Shehe hakupokea.

Alhamisi, 25 Aprili

Amesoma tena. Shehe amemfanya arudie mlango uleule kwa faida ya waliochelewa. Hakuna aliyechelewa.

Jumatano, 1 Mei

Siku mbaya. Wifi anasema aliuliza kutwa, akagonga ukuta kwa kichwa, akalia kwamba sisi sote hatumhurumii. Mshauri amesema siku hizi zipo na zitakuwepo, kwamba kupona si kwamba king'ora kitanyamaza, bali atajifunza kula chakula chake kikiwa kinalia. Maneno matamu. Aje alale kwa wifi siku moja, tuone.

Jumatatu, 6 Mei

Amerudi kazini. Mwenye shule amemkabidhi yuleyule muuguzi. Binti yetu alipita pale akitoka shule, akasikia sauti ya baba yake mpaka ng'ambo ya barabara: "Toka! Toka kwenye njia ya watu! Fungua macho, binti!" Amenisimulia akiruka. Mimi nimeketi.

Mvua zimepungua. Beseni halijajaa tangu juzi.

Jumamosi, 11 Mei

Leo jua limetoka tangu asubuhi, nikaanika vitambaa vyote vilivyonuka unyevu. Nilikuwa uani nimezungukwa na mapazia ya watu niliposikia mlango wa nje. Alikuwa amesimama na mfuko wake wa nguo, viatu vina matope.

Nikajikaza. Nikaliweka lile jibu tayari mdomoni. "Umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kukaa."

Na mimi, mjinga, mimi niliyefundishwa na kliniki nzima na msikiti mzima, neno likanitoka: "Una hakika?"

Akafikiri. Nilimwona anatafuta, kama anavyotafuta siku zote, na nilimwona anaacha kutafuta. "Sina," akasema. "Nimekuja hivyohivyo."

Nikavuta shuka moja kwenye kamba nikaanza kulikunja, halijakauka hata kidogo.

"Lakini nina swali moja," akasema.

Damu ikanipanda. Miezi yote hii! "Labda!" nikamwambia. "Labda, labda, labda! Umesikia?"

"Si la shehe hili." Alikuwa ameushika mfuko kwa mikono yote miwili. "Wewe unataka nirudi?"

Nikasimama na shuka bichi kifuani, maji yakinipenya kwenye nguo. Swali hilo hakuna aliyenikataza kulijibu, wala shehe, wala mshauri. Nikamwambia nataka. Nikamwambia kwamba ndilo swali pekee nililokuwa na jibu lake tangu mwanzo na hakuwahi kuniuliza, na kwamba ni mjinga, na kwamba avue viatu.

Akavua.